Papa Evariste Cirhuza, Miaka Ishirini na Miwili ya Kupiga Nyimbo za Wengine

Jumamosi hii, tarehe 29 Novemba 2025, Papa Evariste Cirhuza anastaafu rasmi kazi ya kupiga saksafoni katika bendi yetu ya Dowa Kivu Jazz, baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi. Katika muda huo amepiga kwenye arusi, misiba na ubatizo, amepiga kwenye ufunguzi wa duka la simu kule Mchesi, na kwa miaka mingi, kila Jumapili mchana, amepiga katika hoteli moja ya Lilongwe ambayo wateja wake huja kula, si kusikiliza. Nyimbo alizopiga hazihesabiki. Nyimbo alizotunga, hadi mwezi uliopita, zilikuwa sifuri.

Mimi ninayeandika ni Eliezer Niyongabo, mpiga ngoma wa bendi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike mazuri yake tu. Nimejitahidi.

Papa Evariste alizaliwa Bukavu, akafundishwa saksafoni na padri mmoja wa parokia yao aliyekuwa na santuri nyingi za jazz na uvumilivu mkubwa zaidi. Alifika hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mwaka 2003 akiwa ameifunga saksafoni yake ndani ya blanketi na kuikumbatia kifuani. Ndani ya basi, mama mmoja alidhani amebeba mtoto mchanga, akasimama na kumpisha kiti. Papa Evariste alikaa. Mama yule alisimama hadi Dowa.

Miezi michache baadaye tulianzisha bendi, na tangu mazoezi ya kwanza alituwekea msimamo wake: jazz haihitaji mtunzi, inahitaji masikio. Alituambia kwamba wapigaji wengi wakubwa duniani waliishi na kufa bila kutunga hata wimbo mmoja, kwamba walichukua nyimbo za watu, wakazigeuza, wakazirudisha zikiwa bora kuliko walivyozikuta. Ukweli ni kwamba watu hao walikuwepo. Tatizo ni kwamba Papa Evariste alijiweka kwenye orodha yao bila kuulizwa. Mtu yeyote aliyeleta wimbo wake mwenyewe mazoezini alikutana na sentensi ileile: “Mutu mwenye anatunga, ni ule hajamaliza kusikiliza ya benzake.”

Na kweli alisikiliza. Wimbo ukipita mbele ya nyumba yake mara moja, kesho anaupiga. Kuumaliza ndiko kulikomshinda. Tulipoalikwa kwenye arusi moja ya Wamalawi kule Nsungwi, alipewa jukumu la kumwingiza bibi arusi kwa wimbo wa kanisa. Wimbo wenyewe ni mfupi. Papa Evariste aliutembeza, akauzungusha, akauacha, akaukumbuka tena, na bibi arusi akalazimika kupunguza hatua mpaka akawa kama amesimama. Nsima, ugali wa Wamalawi, ilipoa mezani. Mshereheshaji alimwambia “zikomo”, yaani asante, kwa upole, kisha “zikomo” kwa sauti, kisha “zikomo” akiwa amemsogelea kabisa. Papa Evariste aliinamisha kichwa kupokea sifa, akaongeza ubeti.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati ilipendekeza niliruke. Mwenyewe amenipa ruhusa ya kulisimulia, akasema nisilipunguze.

Mpiga gitaa wetu, Bienvenu Nizigama, alitunga wimbo unaoitwa “Foleni”. Aliutunga akisubiri maji kwenye kisima, na mdundo wake ni ule wa mpini wa pampu unavyopanda na kushuka. Bienvenu hutengeneza simu sokoni hapa kambini na si mtu wa maneno mengi. Aliupiga mazoezini akiwa ameinamia gitaa lake. Papa Evariste alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Hii ni muziki ao ni malalamiko?” Wimbo ukawekwa pembeni.

Jumapili moja, hotelini, mvua ilinyesha kwa nguvu na wateja wakakwama. Tulipiga kila tulichokijua, mvua bado. Papa Evariste akamgeukia Bienvenu na kumtikisia kichwa aanze “Foleni”. Nasema hili kwa shingo upande: aliupiga kwa namna ambayo hata mimi, niliyekuwa naupiga naye, nilitamani kukaa chini nisikilize. Wapishi walitoka jikoni. Mtangazaji mmoja wa redio, mwanamke, aliyekuwa akila samaki aliweka uma chini, na kabla mvua haijakatika alikuwa ametualika studio kurekodi.

Kipindi kilipotoka, tulikisikiliza pamoja kwa Mama Zaina, mfanyabiashara kutoka Kindu ambaye kibanda chake cha chai na mandazi kiko jirani na nyumba ya Papa Evariste. Kibanda kilijaa. Mtangazaji akautambulisha wimbo: “Foleni”, uliotungwa na mzee Evariste Cirhuza.

Watu wote waligeuka. Mmoja alimpiga Papa Evariste begani na kumwambia, “Kumbe uko mutunzi, Papa, na unatunyamazia.”

Bienvenu alikuwa amesimama karibu na mlango, kikombe mkononi. Alimtazama Papa Evariste, akangoja.

Papa Evariste akasema, “Asante.” Kisha akaomba sukari.

Bienvenu aliweka kikombe chini, akatoka. Hakuja mazoezini tena. Tukawa tunapiga bila gitaa, na bendi ya jazz isiyo na gitaa wala piano ni saksafoni inayozungumza peke yake, jambo ambalo Papa Evariste hakuliona kuwa kasoro. Kambi nzima ilianza kumwita Mtunzi. Alinunua kofia.

Kisha ikaja adhabu, nayo ilikuja kwa heshima zote. Hoteli ilikuwa inakaribia kuadhimisha mwaka wake wa kumi, na meneja alimwomba Papa Evariste awatungie wimbo mpya kwa ajili ya siku hiyo. Alijibu kwamba haina shida.

Majirani wa wakati ule wanaweza kutoa ushahidi. Kila asubuhi Mtunzi alikaa nyuma ya nyumba yake, akavuta pumzi, akaanza wimbo mpya, na kila wimbo mpya ulikuwa ni wimbo wa zamani wa mtu fulani. Mama Zaina, akikanda unga upande wa pili wa ua wa matete, alimsaidia kuutambua kila mmoja. “Hiyo ni ya kwaya, Papa.” Anaanza tena. “Hiyo walikuwa wanapiga ku redio ya Kindu, mi nikiwa mutoto.” Siku moja alizunguka ua na kumkuta amekaa na saksafoni mapajani, hapigi, anaitazama tu.

“Papa Evariste,” Mama Zaina akamwambia, “ile wimbo ya redio si yako. We unajua. Mi najua. Na mbuzi zangu zinajua, juu Bienvenu alikuwa anaifanyia mazoezi hapa pembeni ya zizi.”

Papa Evariste alimjibu kwamba hakusema popote kuwa wimbo ni wake.

“Hukusema,” Mama Zaina akakubali. “Ulisema asante.”

Siku hiyohiyo alivua kofia na kwenda sokoni. Nilikuwepo, nimepeleka simu yangu, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Bienvenu alikuwa ameinama juu ya simu iliyofunguliwa. Papa Evariste, ambaye kwa kawaida huanza kuzungumza kabla hajafika, safari hii alifika kwanza mpaka mezani. Alisema kwa sauti ya chini kwamba alikosea, na kwamba amsamehe.

Bienvenu hakuinua kichwa. “Bantu walisikia ku redio, Papa. Na we unakuja kuniambia hapa kama unaniuzia kitu ya wizi. Haitoshi.”

“Unataka nifanye nini?”

“Mi sitaki kitu. Ni we ulisema asante.”

Kila anayemjua Papa Evariste alidhani mambo yangeishia hapo. Mtu huyu ana kipaji cha kusahau kinachomsumbua, na umri ulikuwa tayari unamsaidia. Lakini aliomba ruhusa ya kutoka kambini, akavaa suti ya arusi, akapanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara ya lami na kutoka pale akachukua basi dogo la Lilongwe. Alikaa kwenye geti la redio mpaka yule mtangazaji alipotoka kutafuta chakula cha mchana, akamwomba dakika moja hewani.

Alipewa. Kwa Kiingereza chake cha kuokoteza na Kichewa cha arusini, alieleza kwamba “Foleni” ni wimbo wa Bienvenu Nizigama, mpiga gitaa wa Dzaleka, na kwamba yeye alipokea pongezi zisizo zake na amekuja kuzirudisha. Alisema vizuri, tena kwa kifupi, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia kwake. Mtangazaji akaguswa. Akamshukuru kwa moyo wote, akawaambia wasikilizaji kwamba huyo alikuwa mzee Evariste Cirhuza, mtunzi wa “Foleni”.

Kwa Mama Zaina watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha sauti ya Papa Evariste ikarudi redioni, sasa karibu sana na kipaza sauti, ikisema hapana, hapana mama, na akalitaja jina la Bienvenu herufi moja baada ya nyingine, kwanza jina la kwanza, kisha la pili, taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Sokoni, Bienvenu alimwomba mteja wake asubiri, akaongeza sauti ya redio. Herufi zilipokwisha aliipunguza, akaendelea na kazi.

Alirudi mazoezini na gitaa lake na sharti moja: kuanzia siku hiyo yeye ndiye kiongozi wa bendi, na nyimbo atachagua yeye. Tulimtazama Papa Evariste, mwanzilishi, mkubwa wetu kwa umri na kwa sauti. Akasema, “Sawa, shefu,” akauliza waanze na upi. Hoteli ilipata wimbo wake wa maadhimisho, nao ulitungwa na Bienvenu. Papa Evariste aliupiga mara moja tu bila kuuongezea beti, na meneja akauliza kama mzee anaumwa.

Kinachomstaafisha si wivu wala umri. Ni meno. Mawili ya mbele yamekwisha kutoka na la tatu linacheza, na saksafoni hushikwa kwa meno. Siku hizi inatoa hewa nyingi na muziki kidogo. Angeendelea kama tungemruhusu.

Mwezi uliopita alifika mazoezini kabla yetu sote. Alisema ana kitu, tusicheke. Kilikuwa kifupi, polepole, na kwa sababu ya yale meno nusu yake ilikuwa pumzi. Tulisikiliza tukisubiri kutambua amekitoa wapi. Hakuna aliyetambua.

“Papa,” Bienvenu akasema, “iko muzuri. Lakini hapa katikati inaanguka.”

“Najua inaanguka. Isimamishe.”

Bienvenu aliisimamisha pale pale kwa gitaa. Papa Evariste akataka ratiba ya sherehe iandikwe kwamba wimbo ni wa watu wawili. Bienvenu akakataa, akasema yeye amegusa kipande tu. Wakabishana, kila mmoja akimsukumia mwenzake, mpaka mazoezi yakaisha bila mimi kupiga ngoma hata mara moja. Ratiba mliyonayo mkononi ina majina yote mawili, kwa uamuzi wa mpiga ngoma.

Kwa niaba ya Dowa Kivu Jazz, tunamshukuru Papa Evariste kwa masikio yake, kwa kila arusi aliyoichelewesha, na kwa ile safari ya Lilongwe. Wimbo wake tutaupiga leo baada ya chakula. Yeye atakaa mstari wa mbele na mke wake, Mama Gertrude, mikono mitupu, awasikilize watu wengine wakiupiga na kuugeuza watakavyo. Tunamtakia mapumziko mema, afya, na uvumilivu wa kukaa kitini mpaka tumalize.