Saa ya Fundi Zebedayo

Mheshimiwa Diwani wa Kata ya Mpemba, Mchungaji Yesaya, Mama Marita, mzazi wa Fausta, ndugu mawakala wa forodha, wanachama wenzangu wa Chama cha Wasomaji, na wewe Fausta, binti yetu tunayekuaga leo uende kuandika:

Nimeombwa nimsifu Fausta. Nitamsifu, lakini nianze na ukweli: ninamwonea wivu, na wivu huo umenifanya nitende vibaya.

Wengi mnamjua kwa miaka kumi na mmoja ya kujaza nyaraka za malori. Ni wachache walioitazama Foleni ya Nyota, tamthilia yake ya runinga kuhusu vyombo vya anga vilivyokwama mpakani kati ya sayari mbili. Tulicheka vyombo vya mabati, taa za lori, na roboti aliyevaa ndoo. Lakini ni nani aliyejiuliza kwa nini, ilipofika sehemu ya tatu, tulisahau ndoo tukaanza kumhurumia aliyeivaa? Yule afisa mkali anayechelewesha foleni nzima ndiye huyohuyo anayewagawia abiria uji wake, na hataki kushukuriwa. Hivyo ndivyo Fausta anavyoandika watu.

Kisha akaja Fundi Zebedayo, mzee wa chombo cha nne, suruali zimejaa grisi. Msichana anamwambia, "Babu, saa yako iko nyuma." Anajibu, "Iko sawa. Kwetu saa hizi mama anawasha moto." "Si ulisema mama alishafariki?" "Najua. Usiiguse."

Tulikuwa tukitazama pamoja chamani, na Mzee Rubeni, mwanachama mwenzetu, akanigeukia. "Mwalimu, huyo si wewe?"

"Mimi suruali zangu ni safi," nikamjibu. Wakacheka sana.

Ndugu zangu, nilizaliwa Isoka, ng'ambo ya mpaka, mbele ya Nakonde. Kwa miaka arobaini na mitatu nimeishi huku nikivaa saa ya kule, iliyo nyuma ya zenu kwa saa moja. Isoka si mbali, lakini tangu ndugu zangu waliponifungia nyumba ya baba sijakanyaga tena. Nina riwaya sandukuni, sura yake ya kwanza nimeiandika upya mara kumi na tisa nikitafuta namna ya kulisema jambo hili. Saa ilikuwa mkononi mwangu. Aliyeiona ni karani wa kujaza nyaraka za malori! Mngekuwa mimi, msingeumia?

Niliumia. Kituo cha runinga kilipotaka barua ya watazamaji ili kiendeleze tamthilia, wanachama wote walisaini, ikabaki sahihi ya mwenyekiti, yaani mimi. Jastin, katibu wetu, aliniletea barua mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia nimepoteza miwani.

"Mwalimu," akasema, "umeivaa."

Fausta, hukuniuliza kitu. Ulinisalimia "Shikamoo, mwalimu" kila asubuhi, ukijua sijasaini. Hilo nalo nakuonea wivu.

Sehemu ya mwisho ilimwacha Zebedayo kwenye foleni, mlango wa sayari yake ukiwa mbele yake. Nina miaka sabini na minane, na nataka kujua kama atapita. Sikupi ushauri. Nakuomba tu usimwekee saa mpya.

Basi litakalobeba barua linaondoka saa sita. Saa yangu inasema nne na nusu. Zenu, tano na nusu. Leo nafuata zenu. Jastin, lete barua na kalamu, miwani ninayo.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.