Mzee Bado Ashuka Kwenye Paa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupaka mapaa dawa ya kuzuia maji na joto, mwenzetu tunayemwita Mzee Bado anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Jina hilo hakupewa bure. Kila alipoulizwa kama paa limekauka, alijibu: bado. Kwa joto na unyevu wa huku kwetu, zege huonekana kavu juu kumbe ndani limelowa, naye hakuyaamini macho. Jioni alibandika kipande cha nailoni juu ya zege, akakiziba kingo zote kwa utepe. Asubuhi alikifunua, na akikuta hata matone mawili chini yake, brashi zilirudi stoo. Wateja walinung'unika. Sisi tulimtania kwamba hata harusi yake aliichelewesha akingoja ukumbi ukauke, na mkewe anasema hatukukosea sana.

Alianza kwa kubeba ndoo, akaishia kuwafundisha kazi nusu ya mafundi wetu. Amepaka shule, maghala na soko zima, na mapaa yake hayavuji.

Lililovuja ni moja, nalo si lake. Miaka kumi na miwili iliyopita tulipewa paa la wodi ya wazazi, likitakiwa kabla ya uzinduzi wa Jumamosi. Jumatano mvua ikanyesha. Msimamizi nilikuwa mimi ninayeandika haya, nikaamuru tupake Alhamisi. Alikataa katakata. Nikamwandikia barua ya utovu wa nidhamu, akasimamishwa kazi wiki mbili, nasi tukapaka. Mwezi haukuisha, paa likatoka malengelenge na maji yakamdondokea mama aliyetoka kujifungua.

Mzee Bado alipopanda kulikagua, nilijua atanisuta mbele ya mafundi. Alinipa kikwangulio na kusema, "Kaka, shika upande ule, tuanze." Tulikwangua siku nne, magoti chini.

Hakulitaja tena. Lakini barua yangu ilibaki kwenye faili lake, na kwa sababu ya barua hiyo alinyimwa cheo mara mbili. Nilijua, nikanyamaza. Naona aibu kuliandika hili. Wiki iliyopita niliifuta kwa maandishi na kueleza kuwa mkosaji nilikuwa mimi, na mkurugenzi ameridhia apandishwe cheo kabla hajaondoka.

Asante kwa kazi yako, ndugu yangu, na kwa kunivumilia. Upumzike na familia yako kwa afya na furaha tele, Fundi Mkuu.