Esta wa Chome Aliyewakatalia Kuua Paka

Wasikilizaji wapendwa, kuanzia Lembeni hadi Kisiwani, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Esta Melkizedeki wa Chome. Esta alikuwa mkulima wa maharage. Esta alikuwa mbishi. Alifariki Jumanne iliyopita kwa presha, akiwa na miaka sabini na miwili.

Miaka mitatu iliyopita, paka wa Chome walianza kufa. Walitapika, wakaharisha damu, wakajikunyata kando ya bakuli la maji bila kunywa. Wiki moja tu, kitongoji kilifukia paka kumi na mmoja. Watu wakasema ni kichaa cha mbwa, kitahamia kwa watoto. Mkutano ukaitwa. Ikaamuliwa paka wote waliobaki watiliwe sumu.

Esta akasimama, peke yake.

"Mnaua kitu msichokijua," alisema. "Nipeni wiki mbili."

"Na watoto wakiugua, Mama Irine?" akauliza mwenyekiti, mzee Sifael.

"Paka wagonjwa nitawaweka kwangu. Ugonjwa ukiwa wa watu, utaanza na mimi."

Wakampa wiki mbili.

Asubuhi yake alimtia paka wake aliyekufa kwenye ndoo yenye kifuniko, akapanda gari la kushuka Same. Binti yake, Irine, anasimulia: "Abiria walimwambia aitupe ile ndoo. Aliikumbatia mpaka mjini."

Daktari wa mifugo, Anderson, alimpasua yule paka, akachukua vipimo. Majibu yalipotoka, alimweleza. Si kichaa cha mbwa. Ni virusi vya paka, vinavyoangamiza kinga ya mwili wake. Havimwambukizi binadamu. Dawa ya kuviua hakuna, ila paka akitunzwa asikaukiwe maji, anaweza kupona. Virusi hukaa sakafuni na kwenye nguo miezi mingi. Na chanjo ipo.

"Rudia," Esta alimwambia. Daktari akarudia mara tatu, hadi mama akayashika yote.

Aliporudi Chome, Esta alikusanya paka tisa wagonjwa katika stoo yake. Aliwadondoshea maji ya chumvi na sukari kwa bomba la sindano, tone kwa tone. Alichoma matandiko, akasugua sakafu kwa jiki, akabadili kanga kila alipotoka. Kanisani watu walimhama benchi. Alijinyoosha, akakaa kwa nafasi.

Paka wanne walikufa. Watano walipona. Hakuna mtu hata mmoja aliyeugua.

Siku ya kumi na nne aliingia mkutanoni na paka kwapani. "Huyu hapa. Na mimi huyu hapa. Sumu yenu wapelekeeni panya."

Tangu hapo, kila mwaka daktari Anderson alipanda Chome na chanjo, na Esta alipita mbele yake nyumba kwa nyumba.

Mazikoni, mzee Sifael alisema: "Mama huyu alinishinda mbele ya watu. Nashukuru alinishinda."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Irine, ukoo wote na usharika wa Chome. Nasi tujiulize: tumeshaamua mangapi kwa woga, bila kuuliza? Paka wako akitapika na kuharisha, mtenge na wenzake, muulize mtaalamu. Wazima wachanje.

Chanjo ya mwaka huu ni Jumamosi. Safari hii atakayebisha hodi ni Irine. Mfungulieni.