Noeli Bila Peremende: Maisha ya Mwalimu Severina Luhwago, 1938–1979

Baba Paroko, wazee wetu wa Ipogolo, majirani mliosafiri kutoka Mbalizi, ndugu na marafiki wote, mimi ni Joachim Luhwago, kaka yake Silvester, mume wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu Severina, ambaye kila nilipokuwa nikisoma kitu kwa sauti hakuacha kunisahihisha, kwa hiyo leo nitajitahidi.

Severina alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika kijiji kimoja jirani na Nyololo, Mufindi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Bartholomeo Kikoti na mkewe, ambao wote walishatutangulia. Alianza shule mwaka 1947, akamaliza darasa la nane mwaka 1954, akajiunga na chuo cha ualimu cha masista, akahitimu Desemba 1956. Januari 1957 alianza kufundisha hapo hapo Nyololo, na walimu wenzake wa wakati ule wanasema alikuwa mkali, msafi, na hakuruhusu kitu kitupwe kabla hajakigeuza pande zote.

Tarehe 17 Septemba 1960 alifunga ndoa na mdogo wangu Silvester, dereva wa malori, katika kanisa la hapa Ipogolo, na waliohudhuria watakumbuka kwamba bwana harusi alichelewa kwa sababu ya pancha. Walijaliwa watoto wawili, Ambrosi, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1962, na Esta, aliyezaliwa tarehe 6 Juni 1965. Mwaka uliofuata Silvester alihamishiwa Mbeya, familia ikapanga nyumba Mbalizi, na Severina akapata nafasi katika shule ya msingi ya huko, ambako alifundisha mpaka alipougua.

Hapa naomba utulivu, kwa sababu familia imekubaliana kusema jambo ambalo marehemu mwenyewe hakulisema hadharani. Februari 1972 Esta, akiwa na miaka sita, alianza kukonda, kunywa maji bila kukoma na kukojoa kitandani, na hospitali ya misheni aliyopelekwa ikasema ana ugonjwa wa sukari, ambao wengi wetu tulidhani ni wa watu wazima wenye vitambi. Tangu hapo anaishi kwa sindano kila siku, sindano ya kioo inayochemshwa jikoni, na chupa ya dawa inakaa juu ya chungu cha maji ili isipate joto. Severina aliogopa mwanawe asije akanyoshewa vidole, akaogopa zaidi wale ambao wangesema mtoto karogwa na kumpeleka kwa waganga akaachishwa sindano, akafunga mdomo, hata mama mkwe wake hakumwambia.

Ninyi wa Mbalizi mnajua desturi iliyokuwapo parokiani, kwamba misa ya watoto ikimalizika siku ya Noeli, katekista Gideoni alisimama mlangoni na kopo, na kila mtoto aliyepita alichota peremende. Kumzuia Esta peke yake kungewafanya watu waulize, na kumwacha achote kungemrudisha hospitali, kwa hiyo Oktoba mwaka ule Severina alikwenda kwenye baraza la parokia akaomba akabidhiwe Noeli ya watoto, bila peremende. Baraza lilimwambia kwamba kanisa litabaki na watu wazima tu, likabishana naye sana, mwisho likampa mwaka mmoja wa majaribio.

Silvester alimletea kutoka Mufindi makasha ya chai yaliyovunjika, yale yaliyotandikwa karatasi ya fedha kwa ndani, na kila Jumamosi ya Majilio watoto walifika na vizibo vya soda, makopo ya maziwa, kalenda zilizopitwa na wakati, maganda ya mahindi na vipande vya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani, naye akiwapokea kwa kusema, "Haya, leteni takataka zenu tuone." Mzee Ndalahwa, aliyehamia Usangu na ng'ombe wake, alitoa singa za mikia kwa ajili ya ndevu za mamajusi wa pangoni. Gundi ilikuwa ya unga, panya waliipenda, na nyota nyingi zilitoka na pembe zisizolingana. Kila mtoto alitengeneza kitu cha kumpa mtoto mwenzake, na Noeli ile ya kwanza walipeana mlangoni kama walivyofundishwa, halafu wakabaki wamesimama wakisubiri kopo, na Severina akasimama nao mpaka walipochoka wakaenda nyumbani.

Watu wazima walimwita bahili, wengine wakasema peremende za parokia anaziuza dukani, naye alisikia yote akaendelea kukata karatasi. Kufikia mwaka 1975 hakuna mtoto aliyeuliza tena habari za kopo, na baraza lilikuwa limesahau kwamba ni majaribio.

Agosti 1976 alikwenda kwenye semina ya walimu, akamwacha Esta, ambaye tayari alijua kujichoma sindano mwenyewe kwa siri, hapa Ipogolo kwa mama yetu, na sharti moja, mtoto asipewe sukari, bila kueleza kwa nini. Mama alilishika sharti hilo sawasawa, hakuweka hata chembe kwenye uji, ila alipoona mjukuu amekonda alimpa kikombe cha asali kila asubuhi, kwa kuwa asali kwetu ni dawa na sukari ni kitu cha dukani. Esta alizimia, akakimbizwa hospitali, na kwa siku kadhaa hatukujua kama tutarudi naye. Severina alipofika hakumlaumu mtu, alikaa na mama pembeni ya kitanda, akamwambia yote, na mama, ambaye yupo hapa mbele yenu, ameruhusu jambo hili lisomwe.

Machi 1979 Severina alianza kutokwa damu, akagundulika kuwa na saratani ya kizazi, akalazwa Mbeya mara kadhaa, na akafariki siku ya Jumanne, tarehe 27 Novemba, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake waliobeba vipindi vyake, majirani wa Mbalizi waliompikia Silvester na watoto, na Gideoni, ambaye ameshawaita watoto kwa Jumamosi ijayo. Ametuumiza kuondoka mapema hivi, na sina namna nzuri zaidi ya kulisema hilo.

Kabla Severina hajafariki, kwa kuwa Silvester yuko kazini barabarani muda mwingi, aliulizwa Esta akae na nani, na bila kufikiri sana alimtaja mama yetu, akasema ndiye mtu pekee ambaye hatakosea tena.

Tangu msiba uingie, Esta ameletewa soda, chai tamu, mandazi ya sukari na miwa, kila mtu kwa huruma yake, na amekuwa akikataa mwenyewe, kwa adabu, huku akilia, na wengine mkadhani anasusa chakula. Hasusi. Anayetaka kumfariji akae naye, amshike mkono, na kikombe akiweke kando.

Severina, pumzika salama kwa Bwana, mtoto tunaye, na sasa wote tunajua.