Benchi la Mwisho la Kepher Sagini

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa zetu mliotoka Nyamira na Kedowa, majirani wa Mogogosiek, na nyinyi nyote mliofika hapa licha ya mvua ya jana na matope iliyoyaacha barabarani, hamjambo. Mimi naitwa Mongina, dada ya marehemu na kitinda mimba wa nyumba ya Mzee Masese, na familia imenichagua nisome habari za maisha ya ndugu yangu kwa sababu, walivyosema wenyewe, sauti yangu haihitaji spika. Hata hivyo nimepewa maiki na nitaitumia, maana mwenyewe angenikasirikia nikiiweka kando.

Kepher Sagini Masese alizaliwa tarehe 9 Juni 1972, katika zahanati ya shamba la chai karibu na mji wa Kericho, ambako wazazi wetu, marehemu Mzee Masese na marehemu Mama Bosibori, walikuwa wamekuja kuchuma majani chai, naye akawa mtoto wa tatu kati ya watano. Mwaka wa 1983 baba alinunua ekari moja na nusu hapa Mogogosiek, akapanda chai yake mwenyewe, nasi tukahama na kuwa watu wa hapa, tukaanza kusali katika kanisa hili hili, ambalo wakati huo lilikuwa na kuta za mbao na paa la mabati bila dari.

Kuna jambo dogo la mwaka wa 1984 ambalo sina budi kulisema, kwa sababu maisha yote ya Kepher yalitoka hapo. Kila Jumapili Mama alikuwa anakamua ng'ombe na kupeleka maziwa kwanza, kwa hivyo alifika kanisani watu wakiwa wameshajaa, akaketi benchi la mwisho kando ya mlango, na mvua ikianza kupiga mabati, basi mahubiri yalimpita kama gari la serikali. Siku moja, tukiwa nyumbani, Kepher alimuuliza mhubiri alikuwa amesema nini, naye Mama, aliyewaita wanawe wa kiume "baba" kama desturi ya kina mama wa kwetu, akamjibu, "Baba, mimi nilisikia Amina." Sisi wengine tulicheka sana. Kepher, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, hakucheka, na tangu siku hiyo alikuwa na neno moja moyoni, kwamba iko siku Mama atasikia yaliyo kabla ya Amina.

Alisoma shule ya msingi huko shambani Kericho kuanzia 1979, akamalizia hapa Mogogosiek mwaka wa 1986, akaendelea na shule ya upili kutoka 1987 hadi 1990, ambako hesabu zilimpenda kuliko Kiingereza, na kuanzia 1991 hadi 1993 akajifunza ufundi wa umeme katika chuo cha ufundi cha vijana. Ni katika miaka hiyo sauti yake ilivunjika akahamishwa katika kwaya kutoka alto hadi besi, na ni mwaka wa 1992 ambapo kikundi cha injili kilichopita hapa kwa mkutano kiliacha gitaa la besi lililovunjika shingo, wakidhani limekufa. Kepher alilibandika kwa gundi ya seremala, akalifunga kwa mipira ya baiskeli siku tisa, na kwa kuwa uzi mmoja ulikuwa umekatika na hapa kwetu haukupatikana, alipiga nyuzi tatu kwa miaka miwili mizima, na wengi wenu mlicheza mbele za Bwana bila kujua kwamba kuna uzi unakosekana.

Mwezi wa Februari 1994 aliajiriwa kuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha chai, akafanya kazi hiyo kwa miaka ishirini na minane, na wenzake walioketi pale upande wa kushoto watakubaliana nami kwamba mota ikikataa kuwaka, Kepher aliisikiliza kwanza kabla ya kuifungua, na kwamba alikuwa mkaidi, kwa sababu alipewa vya kuziba masikio karibu na zile mashine za kusaga majani, akavitundika kwenye msumari, akisema fundi aliyeziba masikio ni daktari aliyefunga macho. Ukaidi huo nitaurudia, maana ulitutoza baadaye.

Alimwoa Janefer Mokeira wa Kedowa tarehe 12 Desemba 1998, katika kanisa hili, akipiga besi katika harusi yake mwenyewe mpaka bwana harusi alipoitwa mara ya pili. Wiki ya tatu ya ndoa, shemeji yangu alifunua sufuria akitafuta maji ya chai, akakuta nyuzi nne za gitaa zikichemka, kwa sababu nyuzi za besi zikizeeka na kushika jasho hurudisha sauti zikichemshwa. Janefer alizima jiko na kutangaza kwamba katika nyumba hii ama yeye ama nyuzi, wakapatana kwamba nyuzi zitakuwa na sufuria yao, na sufuria hiyo iko nyumbani hadi leo na hakuna aliyewahi kuipikia uji. Mungu aliwajalia watoto watatu, Joan mwaka wa 1999, aliyehitimu Chuo Kikuu cha Kabianga, Nyakundi mwaka wa 2003, na Dorcus mwaka wa 2009.

Sasa, wengi wenu mnamjua kwa jina la Pesa, na wageni wanajiuliza fundi wa mshahara alilipata wapi jina hilo. Mwezi wa Novemba 1999, baadhi ya wazee walilalamika kwamba besi inatikisa madirisha na matumbo yao, kamati ikaketi, na mwenyekiti wetu Mzee Kiptum, ambaye yuko hapa mbele na amenipa ruhusa, akasimama na kusema kwa ulimi wa kwao Konoin, unaogeuza b kuwa p, "Kanisa yetu haitaki pesi tena." Katibu, Bwana Joab, ambaye ni Mkisii kama mimi, aliandika alichosikia, na Jumapili iliyofuata akausoma uamuzi wa kamati mbele ya ushirika wote, dakika moja kabla ya sadaka, kwamba kanisa letu halitaki pesa tena. Watu walitazamana, mama mmoja akarudisha sarafu yake kwenye kitambaa akafunga fundo, na kapu la sadaka likazunguka likarudi kama lilivyotoka. Mzee Kiptum alipoelewa kilichotokea alicheka mpaka akashikilia mimbari, akasema basi Mungu ameamua, kilichopigwa marufuku ni pesa, wala si besi. Muhtasari huo haukuwahi kusahihishwa, ndugu yangu akabaki na gitaa lake na jina lake, na kwa jina hilo peke yake naweza kusema alikuwa na pesa siku zote.

Mapema mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, kwa sababu mnazozijua na ambazo leo si siku yake, familia yetu iliondoka hapa kwa haraka na kukaa Nyamira miezi mitatu. Hatukubeba gitaa. Tuliporudi mwezi wa Aprili, Mzee Kiptum alikuja kwetu kwa miguu akilibeba yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amelificha ghalani chini ya mahindi, limefungwa kwa shuka la mkewe, akamwambia Kepher, "Hii kitu yako ilikuwa inalala vizuri kuliko mimi." Mzee, mbele ya watu wote, familia ya Masese inasema asante.

Kuanzia hapo Kepher alilishika kanisa kama mtu anayedai haki. Aliona kwamba kuongeza sauti mbele ni kuwatesa wa mbele bila kuwasaidia wa nyuma, akashusha spika mbili na kuzitundika katikati kwenye nguzo, akawashawishi wazee waweke dari ya mbao ili mvua ipige mabati yake na mhubiri ahubiri, akatandika magunia ya chai nyuma ya pazia la madhabahu ili sauti isirudi ikigongana, akauzika ardhini ufito wa chuma nje ya ukuta, akauunganisha na nyaya ili kumaliza mngurumo wa umeme kwenye spika. Januari ardhi ikikauka na kukataa kupitisha umeme, alikuwa anakimwagia chuma hicho maji kila Jumamosi, mpaka mama mmoja jirani akamuuliza ni mche gani huo wa miaka minne usiochipuka. Nyaya zote alizichomelea mwenyewe, akazikunja kwa mkono mmoja kwa mduara, na ole wako umkute ukizikunja kwenye kiwiko.

Na kila Jumapili, kabla ya wimbo wa kwanza, hakusema "testing" kama wengine, alichukua maiki akauliza, "Benchi ya mwisho, mnasikia?" na Mama, kule mlangoni, akainua mwavuli wake. Siku ya kwanza alipoinua, mwezi wa Agosti 2009, Mama alirudi nyumbani akatuhubiria mahubiri yote tangu mwanzo, hakuacha hata tangazo la mkutano wa kina baba, na Kepher alitoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Mama alipolala tarehe 3 Machi 2019, Kepher aliendelea kuuliza, na wa benchi la mwisho mkaanza kuinua mikono, ikawa desturi ya kanisa hili.

Nafika mahali ambapo ndugu yangu mwenyewe aliniachia maneno. Mnakumbuka kwamba tangu mwaka wa 2013 alivua kiatu cha kushoto kila alipopiga besi, na mchungaji wetu wa wakati huo alihubiri vizuri sana juu ya Musa na mahali patakatifu, na vijana wawili wa kwaya nao wakavua viatu. Wapendwa, haikuwa Musa. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa na la kulia lilikuwa linafuata, ni zile mashine na ule msumari, na aliacha mguu wazi juu ya mbao za jukwaa ili aisikie besi kwa unyayo. Na lile swali lake la kila Jumapili, tulilodhani ni la unyenyekevu, alikuwa anauliza kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza tena kusikia kama sauti inafika nyuma. Mikono yenu ilikuwa masikio yake. Kwa miaka kumi na miwili fundi wa sauti wa kanisa hili alikuwa kiziwi nusu, na waliojua ni Janefer, Mama, na Joan aliyekuwa anampangia sauti nyembamba kwenye ile mashine ya vitufe ya kupangia sauti akijifanya anajifunza, nami nikajua mwaka huu. Alificha kwa sababu aliogopa mngemwonea huruma na kumtoa, na katika siku zake za mwisho wodini nilimgombeza sana kwa hofu hiyo, akaniambia, "Mongina, waambie, lakini uwaambie wakati siwezi kuona sura zao."

Ugonjwa wa figo ulimshika mwaka wa 2022, akaacha kazi mwezi wa Machi, na kuanzia hapo alisafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini Kericho, akisafiri na kitabu chake cha michoro ya nyaya, na akirudi siku ya pili anapanda ngazi kanisani huku Janefer ameishikilia na kumkemea. Katika miaka hiyo mitatu alifanya kazi moja tu, kuandika kila waya unatoka wapi na unaingia wapi, na kumfundisha Joan mbele ya watu bila kujificha, wala hatukumsikia akilalamika ila juu ya chakula kisicho na chumvi. Alilazwa tarehe 2 Oktoba 2025, na Jumatano tarehe 8, saa kumi na moja asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono, alituacha akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Inauma, sitaki kudanganya, inauma hata ninaposoma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa figo waliomfanya aongezewe miaka mitatu, wenzake wa kiwandani waliopanga zamu za kumpeleka hospitali, majirani waliochuma chai yetu bila kuitwa, Bwana Joab kwa kosa bora kuliko yote aliyoandika, na ushirika huu uliomvumilia yeye na besi yake ya kutikisa madirisha na matumbo.

Sauti mnayoisikia leo imepangwa na Joan, amekaa pale kwenye kiti cha baba yake, na ni mara ya kwanza anaipanga peke yake. Usiku wa mwisho wa fahamu zake Kepher aliniuliza kitu kimoja, kama itaendelea kufika nyuma yeye akiwa hayupo, nami nikamwambia nitauliza. Kwa hivyo kwenye karatasi yangu nimeandika hapa niulize, nihesabu mikono, ndipo nimalizie.

Benchi ya mwisho, mnasikia?

Ndugu yangu Kepher, wamesikia, tena wamesikia yote, si Amina peke yake. Vaa kiatu chako sasa, upumzike kwa amani.