Mama Vituo na Malalamiko ya Kusomwa kwa Vidole

Wasikilizaji wapendwa, pumzisheni mikono kidogo mnitegee sikio. Leo tunamkumbuka Mama Vituo, opereta wa simu wa hospitali kuu, aliyefariki Jumatano iliyopita akiwa na miaka hamsini na minane. Jina hilo alipewa na makondakta wa mabasi. Mwanzoni lilikuwa la kejeli. Baadaye likawa la heshima, hata mumewe akawa anamwita hivyo.

Mama Vituo alikuwa haoni. Surua ilimpofusha akiwa na miaka tisa. Alisoma, akafuzu, akaajiriwa. Kwa miaka thelathini alikaa katika kile chumba kidogo nyuma ya mapokezi, akiunganisha simu. Namba za wodi zote zilikuwa kichwani mwake. Ukipiga leo, kesho anakutaja kwa jina kabla hujajitambulisha.

Kazi haikumshinda, wasikilizaji wapendwa. Kilichomsumbua ni njia ya kwenda kazini.

Alipanda basi kila asubuhi. Njia aliijua kwa mwili: matuta mawili, harufu ya kiwanda cha mikate, kona kali ya kushoto, kisha hospitali. Mwaka mmoja barabara ikatengenezwa upya. Matuta yakaondolewa, kiwanda kikahamishwa, kona ikanyooshwa. Wengine walifurahi. Yeye alipotea. Akawa anamwomba kondakta amwambie wakifika. Kondakta anaitikia, kisha anasahau. Mara tatu alipitilizwa, mara tatu akachelewa, akaandikiwa barua ya onyo. Mara ya nne alishushwa kando ya mtaro ulio wazi. Akatumbukia, mkono ukavunjika.

Kaka yake alifika nyumbani na kumsihi aache kazi, familia itamtunza. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alikuwepo.

"Mama alimsikiliza mjomba mpaka mwisho," anasema binti. "Kisha akamwambia, 'Kaka, asante. Ila nimevunjika mkono, sijavunjika kazi.'"

Plasta ilipotolewa, akarudi kwenye basi. Safari hii alikaa nyuma ya dereva. Kila basi liliposimama alimuuliza jirani yake, hiki ni kituo gani. Akijibiwa, anakitangaza kwa sauti basi zima lisikie. Dereva akamwambia anapiga kelele. Abiria wengine wakanuna. Lakini mzee mmoja asiyejua kusoma akamshukuru, na mgeni wa mji akamshukuru, na baada ya wiki chache akiuliza tu, nusu ya basi inamjibu.

Hakuridhika. Akaenda kumwona meneja wa kampuni ya mabasi. Meneja alimpokea vizuri, akamweleza kwamba ofisi hushughulikia malalamiko ya maandishi tu. Mama Vituo akaaga. Baada ya majuma mawili alirudi na bahasha nene, akaiweka mezani. Meneja akafunua kurasa. Nyeupe tupu, zimejaa vinundu. Yalikuwa maandishi ya nukta nundu, yale yanayosomwa kwa ncha za vidole.

"Mama, sasa hii nitaisomaje?"

"Kama mimi ninavyosoma vibao vya vituo vyako," akajibu. "Lakini usijali, meneja. Nitakuwa nakuja kukusomea."

Na kweli akaenda. Kila Jumanne, akitoka kazini, alivuta kiti na kusoma ukurasa mmoja baada ya mwingine. Hayakuwa yake peke yake. Kulikuwa na fundi viatu mwenye kiti cha magurudumu, ambaye mabasi humpita kituoni kama nguzo ya taa. Kulikuwa na mwalimu mwenye mguu wa bandia, aliyeangushwa kwa sababu dereva aliondoa basi kabla yeye hajakaa. Wote aliwafuata makwao, akaandika walichosema.

Jumanne ya nne hakumkuta meneja ofisini. Karani akamwambia bosi ametoka, amepanda basi. Meneja alikuwa amekaa kiti cha nyuma, na dereva hakumtambua. Kituo cha tatu, meneja akamwona kwa macho yake fundi viatu akipunga mkono, na basi lake mwenyewe likampita.

Mwaka ule ule makondakta waliagizwa kutangaza kila kituo. Mabasi sita yakawekewa ubao wa kupandishia viti vya magurudumu. Sita tu, wasikilizaji wapendwa. Mama Vituo alishukuru, kisha akauliza mengine lini. Na kila alipopanda basi lililo kimya, alimuuliza jirani yake kama zamani.

Kiharusi kilimpata mwezi uliopita. Mumewe, fundi seremala, alikaa kando ya kitanda chake mpaka mwisho.

"Alikuwa mbishi," anasema, akicheka na kufuta machozi. "Humu ndani sikumshinda hata siku moja. Ile kampuni ingemwezea wapi?"

Kwa mumewe, binti yake, kaka yake, na wafanyakazi wenzake wa hospitali: tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu ailaze roho yake mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize, ni mara ngapi tumeona mtu akiachwa kituoni tukageuza uso dirishani? Kesho ukimwona amesimama na fimbo yake, au ameketi kwenye kiti cha magurudumu, usiishie kumhurumia. Mwambie dereva asubiri.