Koko Aliyejifunza Kungoja

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na leo asifiwe kwa sauti ya binti yangu Rehema!

Mimi ni fundi wa baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, hapa Kisangani. Ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama kitu sana kabla ya kukigusa. Lakini mtoto si baiskeli. Rehema alifika miaka minne bila kusema hata "mama". Alicheka, alivuta nguo ya mtu, lakini neno halikutoka.

Tonton wangu, yaani mjomba, wa Ubundu akasema mtoto amefungwa na pepo. "Munipatie mutoto. Kule chumba cha maombi atafunga, bila chakula, bila mayi, mupaka ulimi ifunguke." Alisema kwa upendo. Mimi niliitazama ile shingo ndogo nikaogopa. Nikamsihi angoje mpaka safari yake ijayo. Nikaomba: Bwana, nionyeshe mlango.

Ndugu zangu, mlango ulikuwa binti mmoja mwenye kazi ya kusaidia watoto kusema, wanamwita orthophoniste. Kwanza alipima masikio: Rehema alisikia vizuri. Kisha akaja kwetu saa ya chakula, akaketi, akatazama tu. Kwetu mtoto wa mwisho haombi. Akitupia jicho lituma, zile ndizi za kupondwa, koko yake, yaani mama yangu, amekwisha kumwekea. Akitazama ndoo, kikombe kiko mdomoni.

"Koko," akasema yule binti, "sababu gani mutoto aseme? Weye iko kinywa yake. Alors, shika kikombe, sema 'mayi', halafu ungojee."

Mama akaruka. "Mujukuu alie kiu mbele yangu? Donc miye nimekuwa mama wa kambo?"

"Hatalia, koko. Asiposema, utamupa. Lakini ngojea kwanza."

Kungoja! Hakuna kazi nzito kama hiyo. Mama alishika kikombe, akataja, akangoja, machozi yakimlenga. Mara nyingi alishindwa, tukaanza upya. Asubuhi nilimsikia akiomba: hakuomba tena ulimi wa Rehema ufunguliwe, aliomba wake ufungwe!

Tonton akarudi, vumbi la safari mwilini, akauliza mfuko wa nguo za mtoto uko wapi, aondoke naye. Mama akamchotea maji. Rehema akakitazama kikombe. Mama akasimama katikati ya nyumba, kikombe mkononi.

"Mayi," akamwambia mtoto polepole. Akangoja.

"Munangojea nini?" akauliza tonton. Mama akainua kidole.

"Koko," akasema Rehema. "Mayi."

Nusu ya maji ilimwagika, ndugu zangu, mama alivyoharakisha kumpa! Iliyobaki alikunywa Rehema. Tonton akafuta macho. "Bon. Na miye nikisema 'mayi', nitapata?"

Alirudi Ubundu peke yake.

Bado maneno ya Rehema ni machache, na bado tunakwenda kwa yule binti. Wewe mwenye mtoto wa kimya, usimtese, wala usikate tamaa. Mwamini Bwana, mtafute mwenye ujuzi, kisha uketi mbele ya mtoto wako ungoje. Sisi wenyewe, Mungu ametungoja mara ngapi!